Panga Fupi Nyuma ya Mlango

Usiku ule lori la vibarua wa msituni lilipita bila kusimama kwetu. Binti yangu akishuka hupiga bati la geti kwa kiganja, mara moja tu, nami nawasha jiko. Nilikaa macho hadi kukakucha, chai imepoa, panga lake fupi linaning'inia msumarini nyuma ya mlango.

Wenzake walimwita Kisiki, kwa ufupi wake na kwa kutong'oka kwake. Tangu alipomkimbia mume aliyekuwa akimpiga, alilea watoto wawili kwa kufyeka vichaka na kukata miti. Panga hilo alilichagua mwenyewe. Alipinda moja baada ya jingine aone kama litarudi sawa, akaligonga kwa ukucha asikilize mlio, hadi muuza vyuma akamwuliza, "Dada, unanunua panga au unaposa?" Akachukua fupi, pana, zito kuelekea ncha.

Juzi kampuni ikaleta mapanga mapya, marefu, membamba, yanang'aa. Nyapara akataka kila mtu atumie hayo.

"Refu ni la nyasi," binti yangu akamwambia. "Kwenye mti mgumu linadunda, linakurudia mguuni."

"Kisiki, wewe na hicho kisu chako cha vitunguu! Shika hili, au ukae nyumbani na mama yako."

Akashika. Njaa haina mjadala. Lake akalitundika, akaniambia, "Lipake mafuta, mama, lisishike kutu. Watakuja kuliomba."

Asubuhi baada ya usiku ule wa kungoja, nyapara akabisha. Nikafungua nusu.

"Shikamoo, mama. Usishtuke. Amejikata kidogo, yuko hospitali."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mguu. Mfupa umeguswa. Atapona, Mungu akipenda." Macho yake yalipita begani kwangu, yakitafuta ndani. "Ameniomba nimpelekee panga lake."

Mgonjwa aliyefungwa mguu aombe panga? Angeomba nguo. Angeulizia watoto.

"Lile refu liko wapi?" nikamwuliza.

Akashusha sauti. "Mama, mimi pia nina watoto. Wakubwa wakijua aliumia na panga la kampuni, nitafukuzwa. Lakini wakiona alikuja na lake..."

"Atajitibu mwenyewe, na kazi hana."

"Tutamchangia, mama yangu. Vibarua wote."

"Umeshamkata mguu. Sasa unataka umkate na ulimi."

Nikafunga, nikasukuma komeo. Akabisha kwa adabu, kisha bila adabu. Wajukuu wakaamka, wakauliza nani anagonga.

"Upepo," nikasema.

Nikalishusha panga. Lilikuwa na mafuta, halina hata tone la damu; hilo hospitali nzima italiona, nitalipeleka mwenyewe. Nikalifunga ndani ya shuka, nikakaa nalo mapajani, mgongo mlangoni, mbao zikinitikisa kila alipopiga. Nikangoja achoke yeye kwanza.