Kidole cha Bwana Unyayo

Mjomba wangu alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimwita Bwana Unyayo. Hakupima mtu kwa namba. Ulikaa kwenye kigoda chake, ukavua, ukasimama miguu mitupu juu ya karatasi, naye akapiga magoti akauzungushia mguu wako penseli polepole, huku mkono wake mwingine umeshika kifundo ili usitikisike.

Kwa hiyo aliwajua wote. Mwalimu mkuu alikuwa na vidole sita mguu wa kulia. Mke wa mwenye duka alikuwa na mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, na muuza dawa kucha zake zilikuwa zimeliwa na fangasi. Mjomba hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa nikimsaidia kushona, nami nilijua, lakini alishanionya: "Ukitoboa siri ya mguu wa mtu, na mimi sindano ninayo."

Halafu mguu wake mwenyewe ukaanza. Kwenye shina la kidole cha mwisho, mguu wa kushoto, palitokea mfereji mwembamba, utadhani mtu kamfunga uzi. Alicheka, akasema labda ni uzi wake wa kazi umemnasa. Mwaka wa pili mfereji ulizama, kidole kikavimba mbele kama kitunguu, na maumivu yakamnyima usingizi.

"Nenda hospitali, Mjomba."

"Nikakae foleni na wateja wangu, nivue kiatu mbele yao?"

Badala yake alijishonea viatu vya kufunika mguu hadi juu ya kifundo, vizuri kiasi kwamba watu walivisifu. Nilimkasirikia na bado namkasirikia. Mtu aliyeshika miguu ya mtaa mzima bila kukunja uso aliuonea haya wa kwake.

Mama yangu, dada yake, ndiye aliyekiona kidole, siku Mjomba alipokuwa akinawa miguu uani kwetu. Mama hana kifua. Alimwambia jirani mmoja tu, tena kwa kunong'ona, kwamba kaka yake ana ukoma. Hadi jioni habari ilikuwa imefika sokoni na kurudi.

Wateja wakaanza kuleta viatu vyao vikuukuu. "Pimia hiki, fundi, nina haraka." Baadaye hata haraka yenyewe iliisha, hawakuja kabisa. Mwalimu mkuu alinunua ndala za plastiki, akatembea barabarani kidole cha sita kinachungulia nje, na hakuna aliyemsema. Mjomba alikuwa amekisitiri kidole kile miaka kumi na nne.

Asubuhi moja Mjomba alivua kiatu chake dukani, kidole kikabaki ndani. Damu ilikuwa kidogo tu. Alikitazama, akaniita kwa sauti ya kawaida, na safari hii hakubisha nilipomshika mkono kwenda hospitali.

"Si ukoma, mzee," daktari alisema. "Ugonjwa huu unaitwa ainhum. Ni nadra, hauambukizi, na chanzo chake hakijulikani vizuri. Ungekuja mapema huenda tungekiokoa kidole."

Aliandika hayo yote, akagonga mhuri. Nilibandika barua mlangoni mwa duka. Watu waliisoma mikono nyuma, wakatikisa kichwa, wakaenda zao.

Mama alilia sana aliposikia. Akaapa kwamba Jumamosi atakuja kupimwa viatu mchana kweupe, kila mtu aone. Mjomba alifufuka. Alifagia duka mara mbili, akachonga penseli, akaniambia, "Dada yangu mwenyewe akisimama hapa, wengine watasemaje tena? Watarudi."

Mama alikuja amevaa nguo zake nzuri, akisalimia kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Mke wa mwenye duka alitoka kabisa nje kutazama. Mama akaketi kwenye kigoda, akavua viatu, na ndani yake alikuwa amevaa soksi nene za sufu, siku ambayo sisi wengine tulikuwa tunajipepea kwa vipande vya ngozi.

"Vua, dada."

"Aa, kaka, nipime hivihivi tu. Nasikia baridi."

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Ng'ambo ya barabara mke wa mwenye duka aliangalia soksi, akageuka, akarudi ndani. Nilitamani kumvua Mama soksi zile kwa meno yangu.

Mjomba alipiga magoti. Hakumshika kifundo. Aliiweka penseli kwenye karatasi, akaiinua bila kuchora chochote.

"Mguu wako naujua tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja," alisema. "Vaa viatu vyako, dada."

Viatu alimshonea, vikamkaa sawasawa, na baada ya hapo hakushona vingine.