Ulimi wa Hikma na Maziwa ya Kinangop

Ukitaka kugombana na Hikma, mwambie maziwa ni maziwa. Ataweka kikombe chini, aache kukupimia, na wewe na haraka zako utasimama pale kibandani kwake, sokoni Jericho, usomeshwe mpaka chai uliyoiacha jikoni ikaukie sufuriani. Maziwa ni maziwa kivipi? Ng'ombe wa Kajiado anatembea kutwa akitafuta majani makavu, maziwa yake ni mazito na yana harufu ya vichaka. Wa Limuru anakatiwa majani ya nepia akiwa amesimama tu kama bibi harusi, maziwa yake mepesi. Wale wanaofugwa Mukuru kwa Reuben wanalishwa machicha ya pombe, na ule uchachu unabaki nyuma ya ulimi. Na ya Kinangop? Hapo Hikma hufumba macho kwanza. Ya Kinangop ni baridi na nyasi mbichi, anasema, halafu anarudi kukupimia.

Hakuwa anajigamba bure. Wenye hoteli waliwahi kumfunga kitambaa machoni, wakampa vikombe vitano. Alitaja kila kimoja kimetoka wapi, na cha tano akasema kina maziwa ya sehemu mbili na aliyeyachanganya hakuosha mtungi. Ilikuwa kweli, mtungi na yote. Tangu siku hiyo hoteli tisa, kutoka sokoni mpaka Jogoo Road, hazikununua tone ambalo Mama Musab hajalikubali. Ndivyo walivyomwita, kwa jina la mwanawe.

Maziwa aliyoyakubali kuliko yote yalikuwa ya Wanyoike, au Baba Tiffany, mkulima mwenye ng'ombe wanane na pikapu ya zamani. Kwa miaka kumi na moja Wanyoike alishuka kutoka Kinangop kila asubuhi, akaanza kwa Hikma, akamalizia kwa hoteli zile tisa. Ni mtu wa maneno machache. Kofia yake ya sufu ilizungumza kumzidi.

Basi Jumatatu moja Hikma akaonja, akatema.

"Baba Tiffany, haya maziwa ni ya nani?"

"Ya nani tena, Mama Musab? Ni yangu."

"Si yako! Yako nayajua. Haya umeyaokota kwa watu njiani, ukayatia kwenye mtungi wako, uniletee mimi kama mjinga."

Wanyoike akatumbukiza kipima-maziwa, kikaelea palepale panapotakiwa. Hakuna maji. Hikma hata hakukitazama. Sylvance, fundi viatu, alikuwa kwenye benchi na kikombe chake, akajaribu kuzima moto.

"Mathe, tulia. Onja tena."

"Nionje mara ngapi? Ulimi wangu haujawahi kunidanganya!"

Watu wa soko letu nao, wakisikia sauti imepanda, huacha hata mteja. Wakajaa. Wanyoike akatazama zile nyuso zote, akaufunika mtungi wake.

"Miaka kumi na moja," akasema, akaingia kwenye pikapu.

Kufika saa sita mchana hoteli zote tisa zilikuwa zimemfungia mlango. Hakuna aliyemuuliza neno. Mama Musab ameshasema, nani tena?

Hikma akampata muuzaji mwingine, Munene, naye wa Kinangop lakini wa upande wa pili kabisa, hamjui Wanyoike wala Wanyoike hamjui. Siku mbili mambo yakawa sawa. Siku ya tatu akaonja, na ladha ileile aliyoitema Jumatatu ikamkalia ulimini, nzito, kama maji ya kuchemshia mboga. Wezi wawili wasiojuana watapataje ladha moja?

Alifunga kibanda mapema akaenda kununua mboga. Kwa Adongo, kabichi zilikuwa zimerundikwa mpaka zimeziba njia.

"Chukua hata mbili za bure, Mama Musab," Adongo akamwambia. "Kinangop wamevuna mpaka wamechoka. Bei imekufa, sasa wanalisha ng'ombe."

Hikma akasimama na kikapu chake mkononi.

"Kabichi," akasema. "Astaghfirullah! Kabichi!"

Kesho yake alimsihi Mativo, dereva wa lori la kabichi, akapanda naye Kinangop. Njia nzima Mativo alipiga hadithi na Hikma hakusikia hata moja. Mativo alipomshusha penye boma la Wanyoike, Hikma alimkuta Waruguru, mke wa Wanyoike, akimimina maziwa kwenye karai. Mbwa watatu walikuwa wanakunywa.

"Karibu, Mama Musab," Waruguru akasema bila kuinua kichwa. "Kama umekuja kuonja, harakisha. Mbwa wanamaliza."

Hikma aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Nyuma ya Waruguru ng'ombe wote wanane walikuwa wanatafuna kabichi kwa raha zao.

"Mnawapa saa ngapi?" akauliza.

"Kabla ya kukamua. Wakila wanatulia."

"Wapeni baada ya kukamua, mama. Mpaka mkamue tena, ile harufu itakuwa imewatoka mwilini. Lakini ninyi wenyewe hamkuisikia?"

"Tungeisikiaje? Wiki ya tatu hii tunakula kabichi mchana na jioni. Mimi hata uji nauona wa kabichi."

Kicheko kikawaponyoka wote wawili, hawakukitaka. Wanyoike alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi. Yeye hakucheka.

"Kabichi nitaibadilisha saa," akasema. "Na jina langu?"

Hikma akasogea mpaka mlangoni mwa zizi.

"Nimekukosea, Baba Tiffany," akasema. "Nilikuharibia mbele ya watu. Twende nikakutengenezee mbele ya watu."

Jumatatu iliyofuata alianzia kibandani kwake mwenyewe, akasimama juu ya benchi, huku Sylvance akimshikilia asianguke. Kisha akaenda hoteli baada ya hoteli, yeye mbele kwa miguu na pikapu ikimfuata polepole. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Nilimsingizia huyu. Maziwa yalikuwa yake, kosa ni langu." Wengine walimcheka, wengine walimwambia yaishe. Wote walinunua.

Hoteli ya tisa ni ya Owuor, na Owuor hakubali jambo kirahisi. Alisikiliza mpaka mwisho, akateka maziwa kwenye kikombe, akamwekea Hikma mbele ya wateja wote.

"Sawa, Mama Musab. Onja basi utuambie, ni ya Kinangop au si ya Kinangop?"

Hata aliyekuwa anageuza chapati akaziacha, akaja kutazama. Hikma akakiinua kikombe. Harufu ilimfika puani na mate yakamjaa, maana aliyapenda maziwa yale na alikuwa ameyakosa wiki nzima. Akakirudisha mezani bila kukigusisha mdomo.

"Leo sionji," akasema. "Mwenye ng'ombe amesimama hapo. Muulize yeye."

Owuor akamgeukia Wanyoike na, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, akamuuliza.