Uzito Mmoja na Ndugu Yangu wa Kunyonya

Duka la nafaka la mtaani kwetu Ng'ambo lina mizani ya kupimia magunia, na kwa wiki kadhaa mimi ndiye niliyekuwa mteja pekee anayeipanda bila ya kununua kitu. Nyumbani nina mizani yangu ndogo, lakini siiamini. Ukiisogeza kutoka kigae hiki hadi kile inabadilisha maneno. Kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda dukani, nikavua ndara, nikasimama kati ya mchele na unga wa ngano, nikabana pumzi.

"Yakhe," mwenye duka aliniambia siku moja, "gunia hupungua likitobolewa. Wewe nani kakutoboa?"

Nilicheka, lakini sikushuka mpaka namba ilipotulia.

Ndivyo nilivyo. Ngumi nilijifunza kwenye simu. Kisiwani kwetu zilikatazwa, zikakaa miaka mingi hazichezwi, na ziliporudi hatukuwa na baba wala ami wa kutuonyesha mkono unavyokunjwa. Nilitazama video moja mara nyingi, nikiisimamisha kuangalia kisigino kimekaa wapi. Nikikosea kidogo naanza upya. Usiku silali vizuri nikikumbuka mkono wa kushoto niliouchelewesha kuurudisha. Sijisifu kwa hilo, linanichosha.

Mwenzangu katika hayo yote alikuwa ndugu yangu wa kunyonya. Mama yangu aliugua sana baada ya kunizaa, na jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa na kichanga chake, akaninyonyesha pamoja naye. Tangu hapo naye ni mama yangu, na ndiye ninayemwita Mama. Binti zake ni dada zangu, siwezi kuoa hata mmoja, na nyumba yake naingia bila ya hodi. Tulipomwambia tumeanza ngumi, alimaliza kwanza kukuna nazi yake.

"Fanyeni mazoezi, sikukatazeni," alisema hatimaye. "Lakini atakayempiga mwenziwe uso, radhi yangu hana."

"Naam, Mama," tukaitikia.

Tukashika hivyo hivyo. Klabuni tulipigana kila jioni, lakini kuanzia shingo kwenda chini tu: mbavu, tumbo, mabega. Wenzetu walitucheka. "Nyie mnacheza ngumi au mnakandana?" Hatukujali. Kwa kuwa hatukuwa na pengine pa kupiga, tulijua kila upenyo wa kwenye mbavu.

Siku moja mwalimu wetu, mtu mfupi wa bara aliyepigana zamani na sasa anatembea akiburura mguu, alitangaza kwamba kutakuwa na mashindano ya klabu za mjini na shamba. Alitupima sote. Ndugu yangu kilo sitini. Mimi kilo sitini.

"Uzito mmoja," alisema. "Na kisiwa hiki kidogo, watu wa kilo sitini nnawajua wote. Nyie wawili ndio wazuri. Mtakutana fainali."

"Hatuwezi kukutana, mwalimu," ndugu yangu akasema.

"Mtaweza. Kengele itagongwa, na refa hatokuwa na habari kama mmenyonya pamoja."

Tulitoka. Nje ndugu yangu alisema yeye atajitoa, mashindano yatakuja mengine. Sikumkubalia. Alikuwa na mkono wa kulia mzuri kuliko wa mtu yeyote ninayemjua. Nikamwambia nitashuka mimi hadi uzito wa chini yake, kilo hamsini na saba. Kilo tatu tu, nilisema, kama mtu anayezungumzia kuvua shati.

Watu wote niliwaambia nashuka kwa ajili ya Mama, na ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilijua kwamba kwenye hamsini na saba ningekutana na vijana wadogo kuliko mimi, wenye mikono mifupi, na nilitaka wadogo. Halafu nilipenda ile namba ishuke. Ngumi hazikuwahi kunipa jibu lililo wazi kama lile la mizani.

Nikaacha wali, nikaacha mkate, nikaacha urojo niliokuwa nikiunywa tangu utoto. Nilikimbia pwani mchana nikiwa nimevaa koti la mvua chini ya jua kali. Wiki ya mwisho nikaanza kujifukiza: sufuria la maji yanayochemka na majani ya mvumbasha, blanketi kichwani, jasho likitiririka mpaka kwenye vidole vya miguu. Kwetu mtu hujifukiza akiwa na homa. Mimi nilijifukiza nikiwa mzima, mpaka nikawa kama mwenye homa.

Mama aliniita kila siku kwenda kula. Wali wa nazi, borohoa, pweza wa kukaanga.

"Nshakula, Mama."

"Umekula wapi?"

"Mjini."

Siku ya tatu au ya nne aliacha kuniita. Nilipita mlangoni kwake, akanitazama, akarudi ndani. Hapo ndipo nilipohisi njaa kweli.

Jioni yake tulifanya mazoezi kama kawaida. Ndugu yangu alinigusa ubavu wa kulia, ngumi ya mchezo tu, ambayo siku nyingine ningeicheka. Nilijikuta nimekaa chini, mdomo mkavu, namsikia akisema, "Sikukupiga, wallahi sikukupiga." Hakumwita mwalimu. Alinibeba begani mpaka nyumbani kwao, akanilaza kwenye mkeka, na nilipofumbua macho alikuwa ameshamwambia Mama kila kitu.

Mama alikaa karibu yangu na bakuli la uji wa pilipili manga.

"Kwa hiyo mwanangu anajikausha kwa sababu yangu," alisema.

"Ulisema radhi."

"Nilisema uso. Nilisema ufe?"

Alinilisha uji kwa kijiko kama mtoto, na ndugu yangu akageuza uso kwa sababu machozi yalikuwa yanamlenga. Kisha Mama akasema kwa sauti ya chini, "Basi kama haliepukiki, piganeni. Nakufungulieni. Mimi sitokuja kutazama."

Tulitazamana mimi na ndugu yangu. Tangu tuanze ngumi tulikuwa tunaogopa radhi yake. Sasa ameiondoa njiani, na bado hakuna kati yetu aliyetaka. Nilijua hivyo kwa namna alivyotikisa kichwa kabla yangu.

Kesho yake nilimwendea mwalimu na kumwambia nimeshindwa kushuka. Nilitarajia anigombeze. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"We mrefu," alisema. "Mikono yako hiyo inafika Mangapwani. Kwani nani kakwambia uzito ni wa kushuka tu? Panda."

"Uzito wa juu, sitini na tatu na nusu? Wale watu wazima, mwalimu."

"Wapo wawili tu. Mmoja kaumia mkono. Amebaki wa Makunduchi."

Wa Makunduchi nilimjua. Kazi yake ni kubeba magunia ya mwani, na shingo yake ni pana kuliko kichwa changu. Siku za kawaida, watu walisema, anafika kilo sitini na nane. Anajikausha ashuke, apate wadogo. Yaani alikuwa anafanya lile lile nililotaka kuwafanyia wengine, na mdogo wake nilikuwa mimi.

Niliogopa, siwezi kulificha hilo. Lakini nilirudi kula kwa Mama, na alinilisha kama anayetaka nilingane na gunia la mwani. Mwenye duka la nafaka aliniona napita tu bila ya kupanda mizani, akapiga kelele, "Haya, limeshashonwa gunia!"

Katika mashindano yale unapimwa asubuhi na kupigana jioni. Aliyejikausha hapati muda wa kurudisha nguvu, na sikuwahi kulifikiria hilo mpaka siku ile. Nilifika ukumbini nimekunywa chai ya maziwa na chapati mbili. Mizani ikasema sitini na mbili, na mtu mmoja nyuma yangu akauliza, "Huyu kaja kupimwa au kaja kustaftahi?" Wa Makunduchi alikuwa amekaa kwenye ngazi juani, amevaa koti la mvua kama lile langu, anatema mate kwenye chupa ili apungue hata kwa hayo. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alipopanda mizani alifunga macho. Nilijua anachokihisi, na kwa mara ya kwanza sikumuona mkubwa.

Jioni, hata hivyo, mkono wake ulikuwa mkubwa vya kutosha. Raundi ya kwanza alinipiga usoni jinsi ambavyo hakuna aliyewahi kunipiga. Sikujua kujikinga kichwa, maana kwenye mazoezi yangu kichwa hakikuwemo. Raundi ya pili niliingia karibu na kufanya kitu pekee ninachokijua vizuri. Ubavu wa kushoto. Ubavu wa kulia. Tumbo. Nilimsikia akitoa pumzi kwa sauti. Raundi ya tatu hakuweza kuinua mikono, na ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele upande wangu. Kengele ikalia kabla sijammaliza. Majaji wakampa yeye ushindi kwa pointi chache.

Alinifuata chumba cha kubadilishia nguo na chupa ya maji aliyokuwa anaishika kwa mikono miwili.

"We ulikuwa kilo ngapi leo?"

"Sitini na mbili, na chapati."

Akacheka mpaka akashika mbavu, akaumia, akaacha kucheka. "Nimejikausha ili nikupate wewe! Wallahi sirudi tena. Nnakwenda kupigana na watu wa uzito wangu. Huu hapa nakuachia."

Ndugu yangu alishinda pambano lake usiku ule ule. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nikirudia kichwani kila ngumi ya raundi ya kwanza, yeye akiniambia ninyamaze. Mama alikuwa ametandika mkeka na kufunika sinia. Aliishika taa ya simu, akamulika uso wa mwanawe, akaukuta mzima. Akamulika wangu. Jicho moja lilikuwa limeshafumba.

"Nani kakupiga hapa?"

"Mtu wa Makunduchi, Mama."

"Si huyu?"

"Si huyu."

Akafunua sinia. "Haya, kaeni mle. Na kesho huyo mtu wa Makunduchi mwiteni naye, kwani huko kwao hawampi chakula?"