Kibao Ambacho Hakukivaa

Katika shule ya sekondari niliyofundisha Ifakara, mwanafunzi aliyesikika akizungumza Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake na kumvisha. Mtunzaji wa kibao hicho nilikuwa mimi. Kila jioni nilikipokea, nikaandika jina la aliyekuja nacho, nikiamini kwa dhati kwamba aibu humsaidia mwalimu.

Siku moja nilimwita mbele ya mstari msichana wa kidato cha kwanza, mzaliwa wa Mofu, ambaye jina lake halikuwahi kuingia katika daftari langu. Nilimsifu, nikawaagiza wenzake wamwige. Wakampigia makofi. Yeye alitazama chini.

Wiki iliyofuata nikasahihisha jaribio lake la biolojia. Alikuwa ameandika jina na tarehe, basi. Nilijiuliza ni lini nimewahi kuisikia sauti yake: sijawahi. Hakukivaa kibao kwa sababu hakufungua kinywa.

Mama yake alikuja mwenyewe. Alinipa shikamoo ingawa tulikuwa rika moja, nami nikaitikia.

"Mwalimu, baba yake amesema akiwa wa mwisho muhula huu, anabaki nyumbani kuamia ndege wasile mpunga shambani. Nyumbani huyu anaongea mpaka tunamnyamazisha. Hapa mmemfanyaje?"

Zilibaki wiki saba, na tangu siku hiyo niliingia darasani kama mtu anayedaiwa maelezo.

Kibao nilikifungia katika droo bila kumwomba mkuu wa shule ruhusa. Kila kishindo cha viatu barazani kilinigeuza shingo mlangoni. Somo lilikuwa kuota kwa mbegu. Niliwaambia wajadiliane kwanza kwa Kiswahili, wawili wawili, kisha tutafute pamoja Kiingereza cha yale wanayoyajua. Nikamuuliza yeye jinsi wanavyoandaa mbegu za mpunga kwao.

Alikawia. Nami, kinyume na mazoea yangu, nikangoja.

"Tunaloweka kwenye kiroba, tunaopoa, tunafunika na majani mpaka zitoe ncha."

"Kwa nini msiziache majini?"

"Zinaoza. Zinakosa hewa."

"Kumbe bubu anaongea," akasema msichana wa dawati la nyuma.

"Bubu mbegu zake ziliota," akamgeukia msichana wa Mofu. "Nyie mlirudia kupanda."

Darasa likacheka, naye akacheka. Maji, hewa, joto: somo zima alikuwa nalo tangu utotoni, nami nilikuwa nimemfungia mlango. Niliandika ubaoni maneno hayo kwa lugha zote mbili, na mianzo ya sentensi za kukamilisha. Alizisoma kwanza kwa kumnong'oneza jirani yake, ndipo akasimama.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulipofika, karatasi yake niliisukuma chini ya rundo mara tatu kabla ya kuifungua. Kulikuwa na mistari minne. Sentensi zilipinda, lakini mbegu yake iliota kwa sababu sahihi. Nilimpa alama alizostahili, bila kumwongezea hata moja. Hakuwa wa mwisho. Alikuwa wa tatu kutoka mwisho, na muhula wa pili alirudi.

Kibao kingali katika droo. Nikiingia darasa jipya siwasaki tena wanaokosea. Nawatafuta walionyamaza, na kila mwaka nahofia kwamba yupo mmoja nimekwisha kumsifu.