Ng'ombe Ambaye Sikumpaka Rangi

Nimesoma mpaka darasa la nne na sioni aibu kulisema. Brashi ndiyo imenilisha. Ruhusa ilipotoka ya watu binafsi kununua pamba, kila mnunuzi Bariadi alitaka bango mlangoni, na mengi niliyaandika mimi, kwa rangi ya mafuta, herufi za kusomeka ukiwa mbali. Rangi za maji nilizikuta baadaye kwenye mitumba, kiboksi cha bati chenye vidonge kumi na viwili. Muuzaji alidhani ni vipodozi. Nikanunua, nikanogewa.

Wakati huo mama alikuwa akiishi kwangu, macho yameingia ukungu. Hospitali walisema jicho moja limekwisha na la pili linafuata. Akaniambia, "Unawachorea watu kutwa nzima. Nichoree ng'ombe wangu nimwone kabla giza halijafunga." Ni yule aliyetulea kule Bukundi, mweupe mwili wote, masikio meusi. Alikufa kwa ukame nikiwa mdogo. Picha yake haikuwepo.

Nilimchora mara tatu. Mara zote tatu mama alisogeza karatasi mpaka puani, akasema, "Huu ni ukuta."

Mjini palikuwa pamefunguliwa intaneti kafe. Mama mwenye kafe akanionyesha jukwaa la wachoraji wa rangi za maji wanaoandikiana kwa Kiswahili, wa Dar, wa Mombasa, wa Nairobi. Akaiskani picha yangu, nami nikaandika kwa kidole kimoja: "Mimi ni mzee wa Bariadi. Semeni kweli."

Wengi walisifu kwa adabu. Mwalimu mmoja wa kike, wa Tanga, hakusifu. "Shikamoo mzee. Huyo ng'ombe umempaka chokaa."

Nikawaka. Nikaandika, "Marahaba. Mabango yangu yamejaa Bariadi nzima. Ya kwako yako wapi?"

Mwenye kafe akacheka. "Baba, si umewaambia waseme kweli?"

"Kweli, siyo matusi."

"Haya tuma, muda wako unaisha."

Wiki iliyofuata nikakuta jibu. "Bango sina, mzee. Lakini weupe unao tayari, ni karatasi yenyewe. Paka kivuli chini ya tumbo na shingoni, paka vumbi nyuma yake. Ng'ombe mwenyewe usimguse."

Usimguse! Muda wote nilikuwa nampaka rangi nyeupe ya mafuta, ile ya mabango. Kwenye bango, pasipo na rangi ni pasipofanyiwa kazi, na mteja atakwambia umempunja. Nilikaa na hasira siku mbili. Ya tatu nikajifungia ndani, nisionekane namtii mtu ambaye hata sura yake siijui. Hakuna herufi iliyowahi kunitoa jasho namna ile, mkono ulikuwa unataka kujaza wenyewe. Nilipoinua brashi, katikati ya vumbi amesimama ng'ombe ambaye sikumpaka.

Nikampelekea mama uani, penye jua. Akageuza kichwa ili jicho lililobaki lipate. Nikaanza kujieleza.

"Nyamaza," akasema. "Ni yeye. Ila kiwele umekifanya kidogo. Huyu alilisha watoto saba."

Nilirudi kafe siku hiyohiyo, nikamwandikia yule mwalimu kwamba mama amemwona. Nikaandika asante, nikaona neno lenyewe dogo, nikaendelea: ng'ombe alivyokuwa, mama alivyokuwa akimkamua huku akimgombeza kama mke mwenza. Ukurasa mzima. Watu wa jukwaa wakaniomba niandike tena, na tangu hapo nimekuwa nikiwaandikia, makosa yangu yote humohumo. Sijaonana na hata mmoja wao. Nawashukuru kuliko watu wengi waliokula kwangu.

Jicho la mama lilifunga mvua zilipoanza. Picha aliiweka chini ya godoro, na kila mgeni aliyekuja kumsalimu alipewa aishike na kusimulia anachokiona. Akisimulia ovyoovyo, mama alimwambia aanze upya.