Sanduku Refu la Mama

Mama aliniagiza sanduku la kumzikia huku akikoroga maharage, kama mtu anayekutuma chumvi. Nilikuwa nimefika siku hiyo kutoka Iringa kwa lori la mizigo, vumbi hadi kwenye kope, kwa sababu nilipelekewa habari kwamba kifua kimemshika vibaya. Nilimkuta jikoni, amekonda, mabega yamemtoka, lakini mwiko mkononi.

"Si unajifunza useremala kule kwa Kalasinga?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitengenezee sanduku. Nikifa mnilaze humo."

Nilimkaripia. Mimi hofu ikinipata hugeuka hasira, ndivyo nilivyoumbwa, na siku hiyo nilisema maneno mengi ya kipuuzi: kwamba anajitabiria, kwamba hospitali ya Mbeya ipo, kwamba nani amemwambia anakufa. Akaniacha nimalize. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe. Alipokuwa msichana walikwenda mtoni kuchimba udongo wa vyungu, ukingo ukaporomoka ukamfukia mpaka juu ya kichwa. Walimfukua akiwa amekwisha kuumeza.

"Mpaka leo nikilala nausikia mdomoni, baba. Nimeshazikwa mara moja. Mara ya pili sitaki udongo unishike uso. Hilo tu."

Nilimwambia nitalitengeneza.

Miaka ile ya hamsini, kwetu milimani juu ya Mbeya, sanduku la maiti lilikuwa jambo la wamisionari na watu wa mjini. Sisi tulikuwa tumebatizwa, tunaimba Jumapili, lakini mtu akifa alikunjwa magoti yakagusa kifua, akazungushiwa mkeka, akalazwa ubavu kama mtoto tumboni, uso ukielekea walikotoka babu zetu. Mama alikuwa ameona mara moja tu, kule misheni, mtawa mzee Mzungu akizikwa ndani ya sanduku. "Amelala kama yuko chumbani kwake," aliniambia, na macho yake yaling'aa kwa wivu. Jamani, kumwonea wivu maiti!

Tatizo lilikuwa mimi. Kwa Kalasinga, fundi wa Kihindi kule Iringa, nilikuwa bado mtu wa kufagia maranda, kushika ncha ya pili ya ubao na kupiga msasa viti vya wenzangu. Sanduku zima, lenye pembe nne na kifuniko, nilikuwa sijawahi kulifanya. Lakini nyumbani walijua nimekwenda kusoma ufundi, na kwao fundi ni fundi.

Nilimpima mama kwa kamba. Alitandika mkeka uani, akalala chali, akanyooka, mikono kifuani, akafumba macho. "Pima vizuri, baba, nisije nikabanwa." Nikafunga fundo utosini na fundo kwenye nyayo. Alikuwa akicheka, na kicheko kilimletea kikohozi, ikabidi nimwinue nimgonge mgongo. Upana nilikisia kwa mabega yake. Yalikuwa membamba, nikakisia wembamba.

Mbao nilizipata kwa wapasua mbao msituni, juu mlimani, wanaokaa huko na msumeno wao mrefu, mmoja juu ya gogo na mmoja shimoni. Zilikuwa mbichi, ukibonyeza kwa kucha unaona maji. Kalasinga alikuwa akituambia kila siku, kwa Kiswahili chake, "Bao bichi iko mwongo. Leo sema hivi, kesho sema vile." Nilijua. Mbao hutakiwa kukaa kivulini miezi mingi zikauke, na mama hakuwa na miezi. Nikazibeba hivyo hivyo.

Nikaanza kazi nyuma ya nyumba. Msumeno ulikwenda unakotaka wenyewe. Nilichora mstari ulionyooka, nikakata ubao ulioinama. Pembe zilizotakiwa kukutana zilipeana mgongo. Nikakata tena, ukawa mfupi, nikaunga kipande, nikagonga misumari, mingine ikapinda, nikaing'oa na kuinyoosha juu ya jiwe. Nilipoliweka chini kwa mara ya kwanza lilichechemea. Mama alikuwa ameletwa nje aote jua. Akalitazama sana.

"Hili sanduku lina kibiongo," alisema.

"Nitalirekebisha."

"Aka, usijisumbue. Sitakuwa natembea nalo."

Tulicheka wote wawili. Sikujua kwamba nitakuja kukumbuka kicheko kile kwa uchungu namna hii.

Majirani wakiuliza, nilijibu kwamba ni sanduku la nguo. Lakini nani kwetu alikuwa na nguo nyingi hivyo? Habari zikamfikia mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watu wa ukoo wao, wazima na wafu. Alikuja asubuhi na blanketi lake begani na fimbo yake. Hakusalimia. Akalizunguka sanduku, akaligonga kwa fimbo.

"Hili ni la nini?"

Nikainama kuokota misumari.

"Nakuuliza wewe, mpwa wangu! Unampimia mama yako kaburi naye anapumua? Kwetu mtu wa namna hiyo ana jina, na hilo jina unalijua."

Jina lilikuwa mchawi, na watu walihama vijiji kwa ajili yake. Mama akajikokota mpaka mlangoni, akashika mwimo. "Mimi ndiye niliyemtuma, kaka."

"Mgonjwa hajui asemalo," mjomba akajibu bila kumtazama. Akanigeukia mimi: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Akaondoka. Tangu siku hiyo majirani waliokuwa wakituletea uji walipitia njia ya chini.

Nilibakiza kifuniko. Nilikuwa na ubao mmoja mzuri nilioutunza kwa kazi hiyo, nao nikaupiga msumari karibu mno na ncha, ukapasuka mwanzo hadi mwisho. Nilitupa nyundo bondeni, kisha nikaenda kuitafuta. Hapakuwa na njia ila kurudi msituni. Mama alikuwa amelala, pumzi inakwenda kwa taabu. Nilimwambia naja kesho.

"Nenda, baba. Nakusubiri."

Hakunisubiri. Nilikuwa nateremka na ubao kichwani, jua la adhuhuri limesimama, nikasikia vilio kutoka upande wa kwetu. Niliendelea kutembea, sikukimbia, maana nilijua kukimbia hakusaidii tena.

Uani palijaa watu. Alikuwa amekata roho jana yake, muda mfupi tu baada ya mimi kuondoka. Na akina mama wazee walikuwa wamefanya kama wanavyofanya siku zote, mara moja, kabla mwili haujapoa: wamemwosha, wamemkunja, wamefunga magoti kifuani kwa vitambaa. Waliona wananistiri, mwana asiyekuwepo. Nilipomgusa alikuwa amekakamaa kama kuni.

Ndipo nikaona nilichokifanya. Nilikuwa nimempima mama mzima, aliyenyooka kama Mzungu wa misheni. Sanduku langu lilikuwa refu, jembamba. Mtu aliyekunjwa haingii humo hata kwa dawa. Sikuwa nimemwambia hata mwanamke mmoja kwamba asikunjwe, kwa sababu ya kuogopa lile jina.

Nikasema mbele ya watu wote, "Mfungueni. Anakwenda ndani ya sanduku."

Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda. "Tumvunje magoti?" akauliza. "Wewe ndiye mwanawe. Sema, tuvunje."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Basi likunje sanduku lako."

Kuna waliocheka, msibani, Mungu awasamehe. Mimi sijawasamehe. Niliomba wanipe mpaka kesho nilipasue, niliunge upya, fupi na pana. Mjomba akatikisa kichwa: mawingu yamekaa, kaburi limechimbwa, maiti haimsubiri fundi anayejifunza. Mwalimu wa dini aliniwekea mkono begani akaniambia Bwana anaupokea mwili wa namna yoyote. Nikautoa ule mkono. Mimi sikuwa na wasiwasi na Bwana. Nilikuwa na wasiwasi na udongo.

Nikachukua nyundo nikalibomoa sanduku. Kazi ile yote, vidole vyote vile vilivyochubuka, ilivunjika upesi kuliko chungu. Nikazikata mbao kwa kipimo cha kaburi, watu wanatazama, na safari hii msumeno ulikwenda sawa. Walipokwisha kumshusha nikashuka nami. Hakuna aliyenizuia. Nikaziegemeza mbao juu yake, ncha moja chini na nyingine kwenye ukuta wa kaburi, zikawa kama paa la banda la mbuzi, na ubao mpya nikauweka upande wa uso. Nikapanda juu.

Wakaanza kufukia. Udongo uligonga mbao, na mimi nikasema moyoni, haya mama, hata kama si chumba, ni paa. Kisha nikasikia sauti nyingine, ndogo, ya udongo unaochuruzika. Zile mbao zilizokaa juani zilikuwa zimejikunja tayari, nao ubao mpya ulikuwa mbichi na umenyooka. Kati yake na jirani yake palikuwa na ufa wa kupitisha mkono, palepale penye uso.

"Acheni!" nilipiga kelele. "Acheni! Unaingia!"

Majembe yakasimama. Nikaruka ndani, nikaparua udongo kwa kucha, nikautoa ubao. Mkeka ulikuwa umefunguka upande wa kichwa. Udongo ulikuwa shavuni mwake na kwenye midomo. Nikamfuta kwa kiganja, kiganja chenyewe kichafu, nikawa nampaka badala ya kumfuta. Nikalia kwa sauti kama mtoto. "Unamwingia mdomoni," nilikuwa nasema. "Aliniambia mdomoni usimwingie, aliniambia hilo tu."

Nilipoinua macho nilimwona mjomba amepiga magoti ukingoni, na uso wake sikuutambua.

"Alikuambia hivyo?"

"Ndiyo."

"Ni kwa ajili ya kule mtoni?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mimi ndiye niliyemfukua," alisema. "Tulianzia miguuni. Hatukujua kichwa kiko wapi."

Akavua blanketi lake, lile pekee alilokuwa nalo, akabaki kifua wazi katika baridi ile ya kwetu. Akaninyooshea. "Anzia usoni," aliniambia.

Nikaanzia usoni.