Wageni Niliowatuma kwa Binti Yangu

Soko huria lilipotuletea mtandao wa kasi mjini Morogoro, binti yangu aliajiriwa kuwa fundi wa kompyuta. Nikaagiza kila mama anayeshuka kutoka kwetu milimani Mgeta na lori la mboga apite kazini kwake kumsalimu, asiyepita nilimnunia.

Siku moja nilipita mwenyewe, nikamkuta bosi wake akimgombeza, eti kazi haiishi. Nikauliza ni kazi gani.

“Mama,” binti akanijibu, “kadi ya mtandao huikatiza kompyuta kazi kila pakiti ya habari ikifika. Naandika programu ya kuiongoza: pakiti zikiwa chache, iite kompyuta papo hapo; zikifurika, izikusanye, iite mara moja tu kwa zote. Kompyuta ikiitwaitwa haifanyi kazi.”

“Kama wewe na wageni wako wa Mgeta,” bosi akadakia. “Leo tisa! Akija wa kumi, nenda naye, usirudi.”

Binti alinitazama, hakusema nani aliwatuma. Nami, mkali wa kudai ukweli kwa wenzangu, nilinyamaza.